Radi, miale ya gama na mimweko inayoonekana kutoka anga za juu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kisumu na magharibi mwa Kenya

Maswali haya hurudi kila msimu wa mvua: kutoka kwa wanafunzi wa sekondari na walimu wao, wavuvi wa Dunga, wenye mashamba Kakamega na Kisii, na abiria wa matatu aliyesikia neno "gama" redioni na kushtuka. Yameanzia ya msingi, yakaishia yale ya pembeni. Jambo likishaelezwa mahali pamoja halirudiwi. Utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Ni kweli radi hutoa miale ya gama, kama ile ya bomu la nyuklia?

Ni kweli. Miale ya gama ni mwanga, ila una nguvu kupita kiasi cha macho. Chembe moja ya mwanga wa kawaida, yaani fotoni, hubeba elektronivolti 2 au 3 (elektronivolti ni kipimo cha nguvu ya chembe ndogo). Fotoni za eksirei hospitalini hubeba makumi ya maelfu. Kobalti-60, ambayo kwa miaka mingi imetumika kutibu saratani, hutoa fotoni za elektronivolti milioni 1.3 hivi. Sasa linganisha: fotoni zilizopimwa zikitoka kwenye mawingu ya radi hufika milioni 20, na nyingine milioni 40.

Lakini chanzo si kimoja. Bomu hutoa gama kwa kuvunja viini vya atomu. Wingu halivunji kitu ili kuianzisha. Hukimbiza elektroni mpaka zikaribie mwendo wa mwanga (tazama swali la 5).

2. Je, gama hiyo ndiyo ule mwanga ninaouona radi inapopiga?

Hapana. Mwanga unaouona hutoka kwenye njia nyembamba ya hewa iliyochemka hadi nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi. Mara nyingi humetameta mara mbili tatu, ndiyo maana jicho huuwahi.

Mmweko wa gama hauonekani kwa macho na hudumu chini ya elfu moja ya sekunde. Mara nyingi ni sehemu ya kumi ya hapo. Tena huanzia juu, kilomita 10 hadi 15 kutoka usawa wa bahari, na huelekea anga za juu badala ya kuja kwetu. Vipimo vilivyofanywa tangu 2018 vinaonyesha kwamba kwa kawaida gama hutangulia, au huja pamoja na mwanzo wa mpigo mkubwa wa mwanga. Kwa hiyo ule mwanga unaokufanya uruke kitandani ni mkia wa tukio.

3. Nani aliigundua?

Watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine kabisa. Aprili 1991 Marekani ilirusha setilaiti ya Compton, na ndani yake kulikuwa na kifaa kiitwacho BATSE chenye vigunduzi vinane, kimoja katika kila pembe. Kazi yake ilikuwa kunasa milipuko ya gama kutoka nje kabisa ya galaksi yetu. Baadhi ya mimweko iliyonaswa ikawa mifupi mno, na mbaya zaidi, ilitoka upande wa chini, ulipo uso wa dunia. Gerald Fishman na wenzake walipooanisha nyakati hizo na picha za mawingu, wakakuta dhoruba za radi. Walichapisha matokeo yao katika jarida la Science mwaka 1994. Compton iliteremshwa baharini Juni 2000 ikiwa imenasa mimweko isiyofika 80 tu.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani zaidi. Mskoti C.T.R. Wilson aliandika mwaka 1925 kwamba uga wa umeme wa wingu la radi unaweza kuzipa elektroni kasi kubwa mno. Ilibidi ipite karibu miaka 70, na chombo kipelekwe juu kwa kazi nyingine, ndipo ushahidi upatikane kutoka huko.

4. Kwa nini ilibidi itazamwe kutoka juu? Sisi tulio chini ya wingu si ndio tulio karibu?

Hewa ndiyo kizuizi. Hewa yote iliyo juu ya kichwa cha mtu aliye pwani ina uzito wa maji ya kina cha mita 10, na hapa Kisumu, mita 1,131 juu ya bahari, nafuu ni ndogo. Gama inayozaliwa kilomita 12 juu ikielekea chini hupita katika sehemu kubwa ya hewa hiyo na kunyonywa. Ikielekea juu, hewa iliyobaki ni kidogo.

Kuna na mwelekeo. Elektroni huvutwa na chaji chanya iliyo kileleni mwa wingu, kwa hiyo gama yake nayo hutupwa juu. Matukio ya kuelekea chini yapo: yamenaswa kwenye jangwa la Utah, Marekani, na katika pwani ya Japani ambako mawingu ya majira ya baridi hukaa chini sana. Lakini bila setilaiti tungekuwa bado tunabishana.

## Yanayotokea ndani ya wingu

5. Wingu la maji na barafu linapataje nguvu kama hiyo?

Huanza na barafu. Ndani ya wingu refu, chembe nyepesi za barafu hupanda na hewa ya joto huku zikigongana na punje nzito za mvua ya mawe changa. Kila mgongano huhamisha chaji kidogo. Nyepesi hufika juu zikiwa na chaji chanya, nzito hubaki katikati zikiwa na chaji hasi. Baada ya muda tofauti ya volti kati ya tabaka hizo huwa ya kutisha. Stima ya nyumbani kwako ni volti 240. Mnamo 1 Desemba 2014, kituo cha GRAPES-3 kilichoko Ooty, India, kilipima dhoruba iliyokuwa na volti bilioni 1.3.

Elektroni iliyoko katika uga kama huo husukumwa mbele, lakini hewa nayo huirudisha nyuma kwa kuigonga. Kwa elektroni ya kawaida hewa hushinda. Ila ikiwepo elektroni iliyoanza na kasi kubwa tayari, kwa mfano iliyong'olewa na miale ya kosmiki kutoka angani, mambo hugeuka: kadiri inavyokwenda kasi ndivyo hewa inavyoshindwa kuizuia. Hutoroka. Ikigonga atomu hung'oa elektroni nyingine yenye kasi, nazo mbili zikawa nne, nne zikawa nane, mpaka likawa banguko. Kila elektroni inapopindwa na kiini cha naitrojeni au oksijeni hupoteza nguvu kwa kutoa fotoni ya gama. Mmweko mmoja hutoa fotoni zinazoandikwa kwa moja na sifuri 17 nyuma yake, au zaidi.

Wanasayansi bado wanavutana kuhusu jambo moja: je, banguko huanzia kwenye ncha ya cheche inayojichimbia njia ndani ya wingu, au uga mpana wa wingu zima unatosha kulizidisha lenyewe? Binafsi naona vipimo vinavyoonyesha gama ikiambatana na cheche hiyo vimeupa upande wa kwanza nguvu, ingawa upande wa pili haujanyamaza.

6. Kila radi hufanya hivyo?

Hapana, na wala si zile zinazopiga chini. Mimweko inayonaswa na setilaiti huambatana zaidi na radi za ndani ya wingu, zile zinazopanda kutoka chaji hasi ya katikati kwenda chaji chanya ya juu. Hizo ndizo unazoona zikiwasha wingu zima bila mstari wowote kufika ardhini.

Dunia nzima hupata miako 44 hivi ya radi kila sekunde, karibu milioni 4 kwa siku. Watafiti wa Fermi, setilaiti inayonasa gama (swali la 9), walikadiria mimweko ya gama 1,100 kwa siku. Gawanya mwenyewe: ni mmoja katika maelfu. Ile dhaifu isiyofika kwenye vigunduzi haimo katika hesabu hiyo.

7. Nimesoma kwamba radi hutengeneza antimata. Hiyo si hadithi?

Si hadithi, na tukio lililolithibitisha lilitokea barani mwetu.

Tarehe 14 Desemba 2009 Fermi ilikuwa ikipita juu ya Misri. Chini yake hakukuwa na dhoruba ya maana. Hata hivyo vigunduzi vyake vilinasa mmweko. Dhoruba iliyohusika ilikuwa Zambia, karibu kilomita 4,500 kusini, ng'ambo ya upeo wa macho ya setilaiti. Gama haipindi kona, kwa hiyo kilichofika si gama ya moja kwa moja.

Kilichotokea ni hiki. Gama yenye nguvu ya kutosha ikipita karibu na kiini cha atomu inaweza kugeuka kuwa jozi: elektroni moja na positroni moja, yaani elektroni ya antimata. Chembe hizo zilitoka kileleni mwa angahewa juu ya Zambia zikafuata mistari ya sumaku ya dunia hadi Misri. Positroni zilipogonga chuma cha Fermi zilikutana na elektroni zake, zote zikatoweka, na mahali pake zikatoka fotoni za elektronivolti 511,000. Namba hiyo ni alama ya kidole ya antimata; haina mwingine. Nyingine ziliipita setilaiti, zikageuzwa na sumaku mbele ya safari, zikarudi na kuigonga tena milisekunde 23 baadaye.

Matokeo yalitangazwa Januari 2011. Ukitaka mfano mmoja tu wa kumpa mwanafunzi wa fizikia, mpe huu.

8. Zile picha za taa nyekundu na buluu juu ya mawingu ni za kweli, au zimehaririwa?

Nyingi ni za kweli. Ni mwanga wa kawaida, si gama, ingawa dhoruba moja inaweza kutoa vyote.

Zile nyekundu zenye umbo la karoti au samaki-jeli huitwa spraiti. Hutokea kilomita 50 hadi 90 juu, baada ya radi kubwa ya chaji chanya kupiga ardhi, na wekundu wake ni wa naitrojeni. Marubani walizieleza kwa miaka mingi bila kuaminiwa, hadi 6 Julai 1989 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliponasa moja kwa kamera walipokuwa wakijaribu kifaa chao. Pete zinazotanuka kwa mamia ya kilomita katika kimo cha kilomita 90 hivi, kama viwimbi vya jiwe lililotupwa majini, huitwa elvu. Hudumu chini ya elfu moja ya sekunde.

Za buluu huchomoza kutoka kilele cha wingu lenyewe. Septemba 2015 mwanaanga Andreas Mogensen wa Denmark, akiwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, alirekodi video ya sekunde 160 juu ya Ghuba ya Bengal. Ndani yake mkahesabiwa mimweko ya buluu 245. Tarehe 26 Februari 2019, karibu na kisiwa cha Nauru, kifaa cha ASIM (swali la 9) kilinasa mimweko mitano ya buluu, na mmoja ukatoa mchirizi uliopanda hadi kilomita 52 hivi.

## Setilaiti na vifaa vyake

9. Ni vyombo gani vinavyofanya kazi hii?

Fermi (tangu 2008) hunasa gama. RHESSI iliyorushwa 2002 kutazama jua ilinasa nyingi pia, na ndiyo iliyoonyesha kwamba nguvu hufika elektronivolti milioni 20.

Anayestahili maneno zaidi ni ASIM. Ulaya ilikipeleka kifaa hiki Aprili 2018 na kukifunga nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu yetu, chini ya uongozi wa Denmark na kwa ushirikiano wa vyuo vya Bergen na Valencia. Ubora wake ni kwamba kina macho mawili yanayofuata saa ileile: kigunduzi cha gama na eksirei, na kando yake kamera na vipima-mwanga. Awali setilaiti moja iliona gama, nyingine mwanga, na wakati haukulingana. ASIM huweza kusema kipi kilitangulia. Tarehe 10 Oktoba 2018, karibu na Sulawesi, Indonesia, kilinasa gama na elvu kutoka kwa radi moja.

10. Kenya ina mchango wowote, au sisi ni wa kutazamwa tu?

Mchango upo, na ni wa kudumu. Setilaiti ya Italia AGILE ilirushwa Aprili 2007 kutoka India katika mzingo ulioinama digrii 2.5 tu kutoka ikweta. Maana yake ni kwamba kila ilipozunguka dunia ilipita juu ya Afrika Mashariki. Kisumu, Nakuru, Kisii, Kakamega na Kitale zote zimo ndani ya ukanda huo. Setilaiti nyingine huja na kwenda. Hii haikuwa na njia nyingine. Na data yake ilipokewa hapahapa Kenya, katika kituo cha Luigi Broglio kilichoko Malindi. Gama iliyotoka juu ya mawingu ya tropiki iliteremka kama namba kwenye antena za pwani yetu hadi Januari 2024. Mwezi uliofuata AGILE iliungua ikirudi angahewani.

Sehemu hiyohiyo ya pwani ndiyo iliyorusha Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Haikuhusika na radi, lakini inashangaza ni wanafunzi wangapi hawajawahi kuisikia.

11. Setilaiti inatofautishaje radi na taa za mji, au na mwanga wa jua mchana?

Kwa rangi na kwa kasi. Oksijeni iliyochomwa na radi hung'aa sana katika wimbi la nanomita 777.4, karibu na mwisho wa wekundu tunaoweza kuuona. Kichujio chembamba huruhusu wimbi hilo tu. Halafu kompyuta hulinganisha picha moja na iliyotangulia: wingu lililomulikwa na jua halibadiliki katika milisekunde mbili, radi hubadilika. Taa za Oginga Odinga Street hubaki palepale, kwa hiyo hufutwa.

12. Je, taarifa hizi zinaweza kutuonya kabla ya dhoruba?

Za gama, hapana. Ni chache mno na hutawanyika. Za mwanga, ndiyo, na hapo mambo yamebadilika. Desemba 2022 Ulaya ilirusha setilaiti ya kwanza ya kizazi cha tatu cha Meteosat. Inakaa kilomita 36,000 juu ya ikweta bila kuhama, na kifaa chake cha radi hupiga picha 1,000 kwa sekunde za Afrika nzima, usiku na mchana. Setilaiti za kale kama TRMM (1997 hadi 2015) zilipita juu ya dhoruba kwa dakika moja na nusu hivi, zikaenda zake.

Faida yake iko hapa: radi za ndani ya wingu zikiongezeka ghafla, mara nyingi upepo mkali au mvua ya mawe hufuata baada ya dakika kadhaa. Kwa mvuvi wa omena aliye katikati ya ziwa na taa yake, dakika hizo zina thamani, mradi ujumbe ufike kwenye simu yake kwa lugha anayoielewa. Kati ya 2017 na 2021 mradi wa HIGHWAY ulishughulikia hasa utabiri wa namna hii kwa nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria. Naona kikwazo si setilaiti tena, ni ile kilomita ya mwisho kati ya ofisi na mtumbwi.

## Ziwa letu na vilima vyetu

13. Kwa nini sehemu zetu hupigwa radi sana, na kwa nini usiku ziwani na mchana Kericho na Kisii?

Ziwa Viktoria lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na maji hayapoi haraka kama ardhi. Mchana nchi kavu hupata joto, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwa huingia bara kujaza nafasi. Ukifika kwenye vilima vya Nandi, Kericho na Kisii hukutana na upepo wa mashariki na kulazimika kupanda. Alasiri hivi, ndipo wingu linaposimama. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi Hills wanaijua vizuri mvua ya mawe ya saa kumi. Barafu ileile inayovunja majani ndiyo inayojaza wingu chaji (swali la 5).

Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, upepo huteremka kutoka pande zote kuelekea ziwani, na hukutana juu ya maji yenye joto. Dhoruba kubwa huchemka usiku wa manane hadi alfajiri, hasa upande wa magharibi wa ziwa. Kwa jumla ukanda huu ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi duniani: Tororo, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Malaba, iliandikiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya 1967 na 1976.

14. Ninaweza kuona spraiti kutoka Kisumu?

Unaweza, lakini si juu ya kichwa chako. Dhoruba ikiwa juu yako, wingu lenyewe hukuziba. Unataka dhoruba iliyo mbali kilomita 150 hadi 300, kwa mfano upande wa Uganda, na anga safi kati yako nayo. Toka kwenye taa za mji. Miinuko ya Maseno au Nandi Hills hufaa kuliko ufuo. Usiku usio na mwezi, yape macho dakika 20 kuzoea giza, kisha usitazame radi bali nafasi iliyo juu yake. Kwa dhoruba ya kilomita 200, nyosha mkono: spraiti itakuwa kati ya ngumi moja na ngumi mbili na nusu juu ya upeo.

Simu za kawaida hubahatisha. Kamera yenye lenzi pana, ISO ya juu na picha za sekunde moja au mbili mfululizo hufanya kazi. Jiandae kufuta mamia ya picha tupu.

## Usalama

15. Nikiwa shambani, gama ya radi inaweza kunipa saratani?

Hapana. Soma swali la 4: inaelekea juu, na hewa humeza inayokuja chini. Kinachoua shambani ni mkondo wa umeme, si mionzi.

16. Na nikiwa kwenye ndege ya Kisumu kwenda Nairobi?

Hili ni swali zuri zaidi, maana ndege hukaribia kimo ambako gama huzaliwa. Mwaka 2010 Joseph Dwyer na wenzake walikadiria kwamba ndege ikiwa ndani kabisa ya banguko la elektroni, mahali penyewe na wakati wenyewe, abiria wangeweza kupata kipimo kinachokaribia milisiveti 100. Hicho ni kikubwa. Kwa mwaka mtu wa kawaida hupata 2.4 hivi kutoka kwa mazingira. Lakini hayo ni makadirio ya hali mbaya kabisa, eneo lenyewe ni dogo, tukio ni fupi na nadra, na marubani hukwepa mawingu hayo kwa sababu zao nyingine nzuri. Ndege ikizunguka badala ya kukata wingu la Nandi, shukuru na uvumilie ucheleweshaji.

17. Basi niogope nini hasa?

Ogope mti, uwanja wazi na maji. Ukiona mwako, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, uko ndani ya kilomita 10, na radi inayofuata yaweza kuwa yako. Ingia nyumba ya kudumu yenye nyaya na mabomba, au gari lenye paa la chuma, madirisha juu. Boda boda si gari. Kibanda cha mabati kisichounganishwa na ardhi si kimbilio. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi uwanjani. Walimu wa michezo, hili ni lenu.

Ng'ombe hufa wengi kwa pamoja chini ya mti mmoja kwa sababu mkondo husambaa ardhini. Miguu ya mbele na ya nyuma ikiwa mbalimbali hupata volti tofauti, na umeme hupita tumboni na moyoni. Ndiyo sababu binadamu aliyekwama hushauriwa kuchuchumaa, nyayo zikiwa pamoja, na kamwe asilale chini.

18. Simu, nguo nyekundu, vioo: je?

Radi haijali rangi wala kioo. Simu ya mkononi haiivuti. Tatizo ni ile iliyochomekwa kwenye chaja, kwa sababu waya wa stima huleta mkondo ndani. Chomoa televisheni mapema, si radi ikishaanza.

## Maswali ya pembeni

19. Aliyepigwa na radi hubaki na umeme au mionzi mwilini?

Habaki na chochote kati ya hivyo. Mguse mara moja. Moyo ukiwa umesimama, anza kubonyeza kifua bila kungoja, na mwingine apige 999 au 112. Wengi wangepona kama watu wasingesimama mbali wakiogopa.

20. Mahindi ya shamba lililopigwa radi yana mionzi?

Hayana. Radi huweza kuzaa mionzi kidogo hewani: tarehe 6 Februari 2017 huko Kashiwazaki, Japani, watafiti walipima gama ya radi ikigonga viini vya naitrojeni na kutengeneza naitrojeni-13. Lakini nusu ya naitrojeni hiyo huisha kila dakika 10. Mahindi yako yakifika sufuriani hakuna kilichobaki.

21. Wazee husema radi hutumwa. Mnasemaje?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya wengine kuondoka. Jibu letu ni kwamba setilaiti huona radi zilezile katikati ya Pasifiki, mahali pasipo na jirani wala ugomvi wa shamba. Hupiga zaidi palipo na vilima, ziwa na joto, na sisi tunavyo vyote vitatu. Mtu asitajwe wala kuguswa kwa sababu ya radi.

22. Wingu linaweza kutoa gama bila radi?

Ndiyo. Julai 2023 ndege ya utafiti ER-2 iliruka kilomita 20 juu, ikipita juu ya dhoruba za Karibi na Amerika ya Kati, katika mradi ulioitwa ALOFT. Ilikuta mawingu makubwa ya tropiki yaking'aa kwa gama hafifu kwa dakika nyingi, yakizidi na kufifia. Tena ikaona aina mpya ya mmweko unaopepea mara kadhaa, katikati ya mng'ao huo wa polepole na mmweko mfupi wa kawaida. Matokeo yalitoka katika Nature, Oktoba 2024.

23. Nikinunua kipima mionzi kidogo, nitainasa gama ya radi nyumbani?

Hutainasa, ila utadhani umeinasa. Mvua ikianza kipimo hupanda kweli. Kinachopanda ni vizao vya gesi ya radoni ambavyo matone hufagia hewani na kuvishusha. Hupungua kwa nusu kila nusu saa hivi, na hupanda hata mvua isipokuwa na ngurumo. Mmweko wenyewe ni mfupi mno kwa kifaa cha bei hiyo.

Kwa radi ya kawaida kifaa bora ni redio kuukuu ya AM. Iweke kwenye masafa yasiyo na kituo, sauti juu, itumie betri na isichomekwe ukutani. Kila mkwaruzo ni radi, na nyingine ziko mamia ya kilomita kutoka hapo ulipo.